Shika, Nimeshika

Vitu vilikuwa sitini na tatu, na kufikia saa sita mchana walikuwa wamemaliza cha arobaini.

"Taa ya mkono, kioo chekundu, moja," alisoma Mzee Dakika.

Kagua aliichukua taa, akaitikisa kusikia kama ina mafuta, akafungua kioo, akafunga, ndipo akaweka alama ya vema kwenye orodha yake. Mzee alitabasamu. Tangu saa tano alikuwa ameshamwona akihesabu bendera moja moja, akipuliza filimbi zote tatu, na akikipindua kiti cha ofisi kuhakikisha kwamba miguu yote minne ni ya kiti hicho hicho.

Hilo la Kagua si jina alilopewa na mama yake. Alipachikwa na wenzake wa dirisha la tiketi kule stesheni kuu, kwa sababu alikuwa haamini kitu mpaka akiguse. Ukimwambia mlango umefungwa, ataenda kuutikisa. Ukimwambia chai ina sukari, ataonja, na baada ya kuonja atauliza ni vijiko vingapi. Miaka tisa alikaa dirisha namba tatu akiuza tiketi kwa watu wanaokwenda, yeye mwenyewe haendi popote, akiomba kila mwaka apewe stesheni yake. Mwaka huu walimpa. Ilikuwa ndogo, yenye jukwaa moja na bomba moja la maji, lakini ilikuwa yake, kwa sharti kwamba miezi mitatu ya kwanza ipite bila kosa. Akikosea, dirisha namba tatu lilikuwa bado halijapata mtu.

Na aliyekuwa akimkabidhi hakuwa mtu wa kawaida. Mzee Dakika alikuwa amekaa hapo miaka thelathini na nne. Treni zilichelewa kwa mvua, zilichelewa kwa ng'ombe waliolala relini, zilichelewa kwa injini zilizochoka na kwa wakubwa waliochelewa kuamka. Lakini kwenye daftari la treni kulikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Kosa la stesheni", na safu hiyo ilikuwa nyeupe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa juzi. Mzee alimfunulia Kagua kurasa hizo kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu.

"Sitaki kukutisha, mwanangu," alisema. "Nataka tu ujue unapokea nini."

"Nimeshatishika, baba. Tuendelee."

Waliendelea. Cha arobaini na moja ndicho kilicholeta balaa.

"Fimbo ya njia," alisoma Mzee Dakika. "Moja."

Fimbo hiyo lazima nikueleze, maana bila yake hakuna hadithi. Kutoka stesheni hiyo kupanda hadi stesheni ya mlimani kulikuwa na reli moja tu, yenye kona nyingi na isiyo na mahali pa kupishana. Ili treni mbili zisije zikakutana uso kwa uso kwenye kona, wakubwa wa zamani waliweka sharti ambalo hata mtoto anaelewa: fimbo ni moja, na treni isiyo na fimbo haiingii. Ilikuwa ya mti mgumu, urefu wa mkono wa mtu mzima, ina pete mbili za shaba zenye majina ya stesheni zote mbili. Treni ya asubuhi ilishuka nayo. Treni ya mchana ilipanda nayo. Katikati ya hapo, ilikuwa mikononi mwa stesheni masta, na mahali pake palikuwa kwenye msumari wa chumba cha mbele, kando ya simu.

Asubuhi hiyo, treni ilipoingia na dereva akainama kuitoa, Kagua alikuwa amesimama pembeni akijifunza. Dereva alisema, "Shika." Mzee akasema, "Nimeshika." Ndipo dereva akaachia.

"Ndiyo kanuni?" Kagua aliuliza.

Mzee alicheka. "Nilipofanya mtihani wa kazi hii, mwanangu, kitabu cha kanuni kilikuwa Kiingereza kitupu. Wenzetu wale wana maneno! Kuna neno la kumpa mtu kitu mkononi, kuna la kukipeleka aliko, kuna la kuhakikisha kimefika, kuna la kumpa mtu ampe mwingine. La mzigo ni lake, la habari ni lake, na la habari inayopita kwenye waya nalo ni lake. Nilikariri kumi na saba. Nikafaulu. Nilipofika hapa nikamkuta stesheni masta wa wakati ule hajui hata moja kati ya hayo kumi na saba, na treni zinakwenda vizuri tu. Yeye alikuwa na neno moja. Shika. Na aliyepokea anajibu, nimeshika."

"Na asipojibu?"

"Humwachii."

Sasa, saa sita na dakika zake, Mzee Dakika alisoma "Fimbo ya njia, moja." Aliiweka orodha mezani. Aligeukia dirisha la nyuma, linalotazama reli zinazopanda mlimani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kagua aliona machozi yanamdondoka mzee wa watu kwenye vifungo vya koti.

"Ipo," Mzee alisema, bila kugeuka. "Andika tu. Ipo."

Kagua akaweka alama ya vema.

Usimcheke. Wewe ungefanyaje? Mzee wa umri wa baba yako amekupa mgongo analia, halafu umwambie, samahani baba, kabla hujamaliza kulia hebu nionyeshe? Kagua aliyewahi kupindua kiti alishindwa kusogea hatua nane hadi chumba cha mbele kutazama msumari. Aliinamisha macho kwa heshima, akasubiri, na Mzee alipojifuta uso wakaenda cha arobaini na mbili, ambacho kilikuwa ndoo.

Saa saba na dakika arobaini walimaliza. Chini ya orodha kulikuwa na maneno yaliyopigwa chapa zamani sana: *Nimepokea vyote, na kila kimoja nimekishika kwa mkono wangu.* Kagua alitia saini. Mzee alitia saini. Walipeana mkono, wakamalizia chai iliyobaki kwenye chupa ambayo mke wa Mzee alikuwa amemtuma nayo asubuhi, pamoja na sinia na vikombe sita, kana kwamba wangekuwa na wageni wengine. Nje, nyuma ya stesheni, walisikia lori likiunguruma kwenye nyumba ya stesheni masta. Mama Dakika alikuwa anahama. Yeye angetangulia na vyombo, na mumewe angemfuata na treni ya jioni, kwa mara ya kwanza akiwa abiria.

Treni ya mchana iliingia saa nane kasoro dakika nne. Ilikuwa na mabehewa saba yaliyojaa, na muda wake wa kuondoka ulikuwa saa nane na dakika kumi na mbili. Kagua alivaa kofia yake mpya, akainyoosha, akaenda chumba cha mbele kuchukua fimbo.

Msumari ulikuwa mtupu.

Alitazama chini ya meza. Alitazama nyuma ya mlango, nyuma ya simu, ndani ya ndoo. Alirudi chumba cha ndani, na sauti aliyoisikia ikitoka kinywani mwake haikuwa ya mkuu wa stesheni.

"Baba. Fimbo iko wapi?"

Mzee Dakika alikuwa anafunga vifungo vya koti. Mkono ulisimama kwenye kifungo cha pili.

"Nyuma ya mlango," alisema.

"Nimeangalia nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango wa nyumbani kwangu."

Ukweli ulitoka, na ulikuwa wa aibu kidogo. Mzee Dakika hakuwahi kuuamini ule msumari. Miaka thelathini na nne, treni ya asubuhi ikishapita, aliitia fimbo kwapani akaenda nayo nyumbani kunywa chai, akala nayo chakula cha mchana, akarudi nayo. Kazini wote walijua na hakuna aliyemsema, kwa sababu haikuwahi kuchelewa hata siku moja. Asubuhi hii alikwenda nayo kama kawaida, akaiegemeza mlangoni. Wakati wa kurudi, mkewe alimkabidhi sinia, vikombe na chupa ya chai. Mikono ikajaa. Alisema moyoni kwamba angeifuata kabla ya treni. Halafu ikaja orodha, yakaja machozi, na alipoulizwa alisema ipo, kwa kuwa kwake yeye ilikuwepo.

Walitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nyumba ilikuwa wazi, imefagiliwa safi mpaka alama za ufagio zinaonekana sakafuni. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Uani kulikuwa na alama za magurudumu ya lori, na lori lenyewe halikuwepo.

"Mpigie Mama simu!" alisema Kagua.

Mzee alitoa simu mfukoni, akabonyeza. Mfuko wake wa pili ukaanza kuita.

"Alinipa nimshikie," alisema, "asije akaipoteza kwenye mizigo."

Kagua alikaa kwenye kizingiti. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na alijua kina chake. Fimbo isipopatikana, treni haiondoki. Ingebidi msimamizi atoke stesheni kuu kwa gari, aje na kibali cha maandishi, na apande mwenyewe kwenye injini badala ya fimbo. Saa nne, kama barabara ni nzuri. Watu wa mabehewa saba wangekaa hapo saa nne wakimtazama. Halafu msimamizi angeomba kuona orodha, angekuta alama ya vema kwenye cha arobaini na moja, na chini yake saini mbichi ya mtu aliyesema amekishika kwa mkono wake. Hapo hakuna cha kujitetea. Alikuwa mkuu wa stesheni kwa dakika ishirini.

Dereva wa treni alikuwa ameshuka kwenye injini, akawafuata hadi uani akitafuna kijiti. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini alipowaona nyuso alikitoa mdomoni.

"Kuna nini? Mbona kama mmefiwa?"

"Dereva," Mzee alisema. "Huko juu hakuna treni nyingine. Wewe unajua, mimi najua, mwenzetu wa mlimani anajua. Njia ni nyeupe."

Kagua alimtazama. Dereva pia.

"Mzee wangu," alisema dereva taratibu, "mwaka wangu wa kwanza nilikuomba hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilikwambia ushuke ukanywe maji."

"Basi. Ngoja nikanywe maji."

Ndipo honi ikasikika. Ilitoka upande wa mlimani, mbali kidogo, honi nzito ya lori, ndefu, ikanyamaza, ikalia tena kwa hasira. Ilikuwa honi ya mtu aliyezuiwa.

Kagua aliruka wima.

"Kufuli!" alipiga kelele.

Kufuli alikuwa mlinzi wa geti, mita mia sita mbele ya stesheni, pale barabara inapokatiza reli. Aliitwa hivyo kwa sababu alifunga geti dakika kumi na tano kabla ya treni kuondoka, ingawa kanuni ilimtaka kumi, na akishafunga hafungui mpaka behewa la mwisho limempita mbele ya macho. Alishamzuia mkubwa wa reli mwenyewe. Mkubwa alimtishia kazi, Kufuli akamwomba aandike kitisho hicho kwenye karatasi. Asubuhi, alipotambulishwa kwake, Kagua alisema kimoyomoyo kwamba huyu ndiye wa kwanza kurekebishwa, maana dakika tano za watu si zake kuzichezea. Sasa alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia kwenye kinjia cha pembeni mwa reli huku akimwombea Kufuli maisha marefu.

Lori lilikuwepo. Lilikuwa limesimama pua ikigusa geti, limepakiwa hadi juu, kabati limelala kifudifudi juu ya meza, na Mama Dakika amekaa mbele akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mwenye lori alikuwa nje akibishana na Kufuli. Kufuli alikuwa ameshika mpini wa geti kwa mikono miwili.

"Mama!" Kagua alihema. "Fimbo!"

"Fimbo gani tena, mwanangu? Mbona uko pekupeku?"

"Fimbo ya nyuma ya mlango. Ya Mzee."

"Ah, ya mume wangu. Nimeiviringisha ndani ya godoro isije ikavunjika."

"Mama, si yake. Ni ya reli. Treni haiwezi kuondoka bila hiyo."

Mama Dakika aliacha kujipepea. "Ya reli? Miaka thelathini na nne inakuja kula kwangu! Ina kiti chake! Wageni wakija namwondoa mtoto kwenye kiti, fimbo haiondolewi. Leo ndiyo naambiwa si ya kwetu?"

"Godoro lipi, Mama?"

"La chini kabisa."

Bila shaka. Kagua alipanda nyuma ya lori, mwenye lori akapanda pia akinung'unika, na wakaanza kushusha dunia nzima. Walishusha viti, beseni, mifuko ya nguo, redio, na godoro la kwanza. Kufuli hakuja kusaidia. "Mimi na mpini huu hatuachani mpaka treni ipite," alisema, ila alielekeza kwa kidevu kamba ya kukata na ya kuacha. Mwenye lori alikata. Godoro la chini lilifunguka, na humo ndani, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, ilikuwepo fimbo na pete zake mbili za shaba.

Kagua aliikumbatia. Alicheka peke yake juu ya lori, kicheko kikubwa cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Unacheka nini?" aliuliza mwenye lori. "Treni ingewahi kupita, sasa hivi ningekuwa mbali."

"Isingepita, kaka. Treni inasubiri fimbo, fimbo iko kwenye lori, lori linasubiri geti, na geti linasubiri treni. Kama si huyu bwana na dakika zake tano, ningekutafuta wapi?"

Kufuli alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyesikia jambo analolijua siku zote.

Kagua alikimbia kurudi. Aliona treni inakua mbele yake, vichwa vya abiria madirishani, dereva ameinama nje ya injini, mkono ameunyoosha. Saa ya jukwaani ilionyesha saa nane na dakika kumi na mbili. Mzee Dakika alikuwa amesimama chini ya injini, kofia mkononi, uso umezeeka miaka kumi kwa muda wa robo saa.

"Lete, lete!" dereva aliita. "Tunaondoka na dakika yetu!"

Kagua aliinua fimbo, mkono wa dereva ukaikaribia. Halafu akaishusha.

Hakuna aliyempa fimbo hii. Aliitoa kwenye godoro. Na kule ofisini kulikuwa na karatasi yenye jina lake inayosema uongo mmoja kati ya kweli sitini na mbili. Alijua kwamba akimpa dereva sasa, treni itaondoka, kila mtu atashusha pumzi, na uongo ule utabaki pale pale kwenye cha arobaini na moja siku zote atakazokaa hapo.

Alimgeukia Mzee. "Shika, baba."

"Mpe dereva, mwanangu. Muda!"

"Shika kwanza."

Mzee alishika. Alisema "nimeshika" kwa sauti ndogo, na Kagua akaachia.

"Sasa nikabidhi," alisema Kagua.

"Jamani, mnacheza mchezo gani?" dereva alilalamika huko juu, lakini alipoona uso wa Mzee akavua kofia.

Mzee Dakika alinyoosha fimbo kwa mikono miwili. "Shika," alisema.

"Nimeshika."

Mzee hakuachia. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye mti mpaka vimepauka. Saa ya jukwaani ilisogea. Kagua hakuvuta.

"Nimeshika, baba," alisema tena, polepole. "Nimeishika kabisa."

Kidole kimoja kilifunguka, kikafuata cha pili, kisha vyote. Kagua alimgeukia dereva.

"Shika."

"Nimeshika, Mkuu," alisema dereva. Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo.

Treni iliondoka saa nane na dakika kumi na nne.

Dakika mbili. Ofisini, Kagua alifungua daftari, akajaza namba ya treni, muda wa kufika na muda wa kuondoka, kisha kalamu ikafika kwenye safu ya mwisho, ile nyeupe.

"Andika jina langu," alisema Mzee. "Kosa ni langu. Nilisema ipo."

"Mimi nilisaini saa saba na dakika arobaini. Tangu hapo stesheni ni yangu, na dakika ni zangu. Zako zimeisha, baba, zote safi."

"Wewe binti ni mbishi."

"Nimeambiwa hivyo dirisha namba tatu."

Kalamu ilibaki hewani. Kanuni ilitaka wasubiri stesheni ya mlimani ipige simu kusema treni imefika, ndipo ukurasa ufungwe, maana kuchelewa kunahesabiwa kwa kufika. Walikaa wakiitazama simu. Nje lori liliingia uani kwa kelele. Mama Dakika alikuwa ameliamuru ligeuze. "Siendi popote bila yeye," alisikika akimwambia mwenye lori. "Nikimwacha nusu siku tu peke yake anasahau fimbo ya serikali. Kesho atasahau kichwa." Mwenye lori alijibu kitu kuhusu mafuta ya gari, lakini hakuna aliyemjali.

Saa tisa na dakika tano kamili, simu ililia. Mzee alinyoosha mkono kwa mazoea, akaurudisha. Kagua alipokea.

Alisikiliza. Alisema "asante" mara mbili. Aliweka mkono wa simu chini kwa uangalifu mkubwa.

"Imefika," alimwambia Mzee. "Mabehewa yote saba, na fimbo ameishika mkuu wa mlimani mwenyewe. Dereva amezila zile dakika mbili kwenye mteremko wa daraja. Imefika kwa wakati."

Mzee Dakika alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yakatikisika tena kama mchana ule, lakini safari hii kilikuwa kicheko, na kilimtoka na machozi yake pamoja. Kagua naye alicheka mpaka akaegemea ukuta chini ya msumari. Kisha alirudi mezani, akafunga daftari bila kuandika kitu kwenye safu ya mwisho.

Alimsindikiza Mzee hadi kwenye lori. Mwenye lori alikuwa ameshawasha injini. Mzee alifika mlangoni akasimama, akatazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha mwingine, kana kwamba kuna kitu hakijapakiwa. Aliitia kwapani mikono hiyo mitupu, akaitoa, akakosa pa kuiweka.

Mama Dakika hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ametoka ofisini na sinia lake, vikombe sita, na chupa ya chai. Alimtazama mumewe juu mpaka chini, akamnyooshea chupa.

"Shika," alisema.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

"Nimeshika," alisema, na mkewe ndipo akaachia.